Nyaraka tatu za Lincoln dhidi ya utumwa: usomeshe ipi kwanza?

Anayetaka kumfahamu Abraham Lincoln, rais wa Marekani wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, kupitia maandishi yenye sahihi yake, awe mwalimu wa historia, kiongozi wa klabu ya midahalo au mwanafunzi anayejisomea, karibu kila mara huelekezwa kwenye Tangazo la Ukombozi la tarehe 1 Januari 1863. Ziko nyingine mbili zinazostahili kuwekwa kando yake: sheria ya tarehe 16 Aprili 1862 iliyowaacha huru watumwa wa Washington, na azimio la Marekebisho ya 13 ya Katiba alilolitia sahihi tarehe 1 Februari 1865.

Sheria ya Washington ilitegemea fedha, Tangazo lilitegemea vita, Marekebisho yalitegemea Katiba. Misingi hiyo ndiyo iliyoamua nani aachwe huru, nani abaki nje, na uhuru wenyewe ungesimama kwa muda gani. Ndiyo pia inayopaswa kuamua utasomesha ipi.

Mambo ya kuweka sawa kabla ya kuchagua

Katiba ya Marekani ya wakati ule iliuacha utumwa mikononi mwa majimbo. Katika amani, rais hakuwa na uwezo wa kumwachia huru mtumwa hata mmoja wa Georgia au Kentucky, na Bunge halikuwa nao vilevile. Sensa ya 1860 ilihesabu watumwa 3,953,760. Mwanafunzi asipolijua hili mapema atauliza kwa nini Lincoln hakuufuta utumwa siku alipoapishwa, tarehe 4 Machi 1861, na maelezo yote yatakayofuata yataonekana kama visingizio.

Lincoln alizaliwa Kentucky tarehe 12 Februari 1809. Mwaka 1837, akiwa mbunge kijana katika bunge la Illinois, aliandikisha pingamizi lililosema kwamba utumwa umejengwa juu ya dhuluma na sera mbovu. Lakini kuupinga utumwa na kuamini usawa yalikuwa mambo mawili. Mwaka 1858, katika mdahalo na Stephen Douglas, mpinzani wake katika kugombea useneta, mjini Charleston, Illinois, alisema hakuwa anatetea usawa wa kijamii na kisiasa kati ya weupe na weusi. Wanafunzi wataikuta kauli hiyo mtandaoni bila tarehe wala mahali. Afadhali waipate kwako kwanza.

Na wenyewe waliotumikishwa hawakumsubiri. Mei 1861, vita kati ya Muungano, yaani serikali kuu na majimbo yaliyobaki nayo, na majimbo ya Kusini yaliyoasi vikiwa na majuma machache tu, Frank Baker, Shepard Mallory na James Townsend walivuka maji kwa mashua hadi ngome ya Fort Monroe, Virginia, iliyokuwa mikononi mwa jeshi la Muungano. Walikuwa wakitumikishwa kujenga ngome ya waasi. Jenerali Benjamin Butler alikataa kuwarudisha, akisema kama ni mali, basi ni mali ya adui inayotumika vitani. Maelfu wakafuata njia hiyo. Nyaraka zote tatu ziliandikwa huku watoro wakiwa tayari milangoni mwa kambi za jeshi, na mwalimu anayeliruka hili humfanya Lincoln aonekane kama aliyeamka asubuhi moja akagawa uhuru.

Sheria ya Washington, 16 Aprili 1862

Washington haikuwa jimbo. Bunge liliutawala mji huo moja kwa moja, ndiyo maana sheria ya kawaida ilitosha. Watumwa wake walikuwa huru mara sheria ilipotiwa sahihi. Malipo kwa mabwana yalifuata baadaye. Mmiliki aliyekuwa mtiifu kwa Muungano alipewa siku 90 kupeleka ombi mbele ya tume ya watu watatu, akimtaja kila mtu aliyedai kummiliki na thamani aliyomwekea. Malipo yote kwa jumla hayakuruhusiwa kuzidi wastani wa dola 300 kwa kila mtu, na Bunge lilitenga dola milioni 1. Zilitengwa pia dola 100,000 za kuwasafirisha weusi ambao wangekubali kuhamia Haiti, Liberia au kwingineko, si zaidi ya dola 100 kwa mtu. Waliokombolewa walizidi kidogo 3,000. Waliokuwa wametumika maisha yao yote hawakupewa hata senti moja ya kazi yao.

Ili kukadiria bei, tume ilimwita mfanyabiashara mzoefu wa watumwa kutoka Baltimore. Hapo mwanafunzi anaona kwa macho yake namna sheria ya ukombozi ilivyolazimika kutumia mizani ya soko lilelile ililolifunga. Kisha Julai 1862 sheria ya nyongeza ilimruhusu aliyekuwa mtumwa kupeleka ombi mwenyewe endapo bwana wake hakufanya hivyo, na ushahidi wa mtu mweusi ukakubaliwa.

Sifa kubwa ya waraka huu kwa darasa ni maombi yenyewe. Yamo majina, umri, kazi, hali ya afya na bei. Yamehifadhiwa katika hifadhi ya taifa ya nyaraka ya Marekani na yanasomeka mtandaoni. Ombi moja la kurasa chache humfundisha mwanafunzi zaidi ya sura nzima ya kitabu kuhusu maana ya kumweka binadamu kwenye orodha ya mali.

Pia hii ndiyo njia ambayo Lincoln mwenyewe aliipendelea kwa miaka mingi: ukombozi wa kulipia fidia, ikiwezekana wa polepole. Alipanga muswada wa namna hiyo kwa ajili ya Washington mwaka 1849 akiwa mbunge, akalirudia wazo lake mwaka 1862 kwa majimbo ya mpakani, yaani yale yenye utumwa yaliyobaki Muunganoni. Hakuna jimbo lililokubali. Anayetaka kujua kwa nini Lincoln alifika kwenye Tangazo lazima apite hapa.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, waraka huu una ndugu wa karibu. Amri ya Sultan Hamoud bin Mohammed ya tarehe 6 Aprili 1897, kwa Unguja na Pemba, nayo iliwalipa mabwana fidia. Ila tofauti zake na sheria ya Washington ni nzito. Unguja mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake. Akiupata, aonyeshe makazi na njia ya kujipatia riziki, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Masuria waliachwa nje hadi 1909. Wanafunzi wakiziweka sheria hizi mbili ubavu kwa ubavu, swali la nani analipwa na nani anatakiwa kuthibitisha kwamba anastahili uhuru hujitokeza bila mwalimu kulisukuma.

Udhaifu wake ni kwamba peke yake hauelezi vita. Mtu aliyesoma huu tu atadhani utumwa wa Marekani ulinunuliwa ukaisha kwa amani.

Tangazo la Ukombozi, 1 Januari 1863

Huu ndio waraka mgumu kuliko zote tatu kuusoma, na ndio wenye mengi zaidi ya kufundisha. Ugumu hauko kwenye mawazo bali kwenye umbo: ni amri ya kijeshi yenye orodha ndefu ya majimbo na wilaya. Anayetarajia maneno matamu ya uhuru atachoka kabla ya nusu.

Mpangilio wa tarehe ni lazima uwe ubaoni. Tarehe 22 Julai 1862 Lincoln alilisomea baraza lake la mawaziri rasimu. Waziri William Seward alimshauri asubiri ushindi vitani, ili lisionekane kilio cha serikali inayozama. Tarehe 17 Septemba yalitokea mapigano ya Antietam, Maryland, ambako watu wapatao 23,000 waliuawa, walijeruhiwa au walipotea kwa siku moja. Siku tano baadaye akatoa tangazo la awali: waasi wana hadi Mwaka Mpya, siku 100, warudi Muunganoni, la sivyo watumwa wao watahesabiwa huru. Hawakurudi.

Katikati ya tarehe hizo kuna mtego. Tarehe 22 Agosti 1862 Lincoln alimjibu mhariri Horace Greeley kwamba shabaha yake kuu vitani ni kuuokoa Muungano, na kama angeuokoa bila kumwachia mtumwa yeyote angefanya hivyo. Barua hiyo husambazwa sana kama ushahidi kwamba hakujali. Aliyeweka tarehe ubaoni ataona kwamba ilipoandikwa, rasimu ya Tangazo ilikuwa imeshakaa mezani kwake mwezi mzima. Alikuwa anawaandaa weupe wa Kaskazini kuupokea ukombozi kama silaha ya kuuokoa Muungano. Bila hivyo, kwa hesabu yake, wengi wao wangeukataa.

Sasa orodha. Tangazo linataja majimbo 10: Arkansas, Texas, Louisiana, Mississippi, Alabama, Florida, Georgia, South Carolina, North Carolina na Virginia. Ndani ya Louisiana linaondoa wilaya 13, pamoja na mji wa New Orleans. Ndani ya Virginia linaondoa wilaya 48 zilizokuwa mbioni kuwa jimbo la West Virginia, na nyingine 7. Tennessee haitajwi kabisa. Delaware, Maryland, Kentucky na Missouri, majimbo yenye utumwa yaliyobaki Muunganoni, hayamo.

Sababu ni ileile ya msingi: Lincoln alitumia uwezo wa Amiri Jeshi Mkuu dhidi ya adui. Pasipokuwa na uasi, uwezo huo haukuwepo. Mapengo ya Tangazo ni mipaka ya mamlaka aliyoyategemea, na somo zima liko hapo. Wape wanafunzi ramani tupu ya Marekani ya 1863, wapake rangi moja kwa maeneo yaliyotajwa na nyingine kwa yaliyoachwa, kisha waulize kwa nini New Orleans imeachwa. Dakika 20 zinatosha, na hakuna atakayesinzia.

Kutoka kwenye ramani hiyo huzaliwa kosa linalorudiwa mno: kwamba Tangazo halikumwachia huru mtu yeyote, kwa kuwa liligusa tu maeneo ambayo Lincoln hakuyashika. Si kweli. Visiwa vya pwani ya South Carolina, karibu na Port Royal, vilikuwa mikononi mwa jeshi la Muungano na havikuondolewa kwenye orodha. Maelfu ya watu wa huko walikuwa huru kisheria siku ileile. Kwingine, uhuru ulisogea na jeshi: kila wilaya iliyotekwa, amri ilikuwa tayari inaisubiri.

Linganisha pia tangazo la awali na la mwisho. La Septemba lilizungumzia fidia na kuwahamisha weusi kwenda nchi nyingine kwa hiari yao. La Januari halina hata neno kuhusu hayo. Badala yake linawakaribisha weusi jeshini. Hadi vita vinakwisha, wanaume weusi wapatao 180,000 walikuwa wamepita katika jeshi la nchi kavu, na maelfu zaidi katika jeshi la majini. Walianza kwa kulipwa pungufu: dola 10 kwa mwezi, zikikatwa 3 za nguo, wakati askari mweupe alilipwa 13. Bunge lilisawazisha mishahara Juni 1864 tu.

Kwa darasa la pwani, mlango mzuri wa kuingilia ni merekani, kile kitambaa cha pamba kilichofika Unguja kutoka viwanda vya kaskazini mwa Marekani. Vita vilipoikata pamba ya Kusini, biashara hiyo iliyumba. Mikono iliyochuma pamba ile ndiyo iliyochimba mahandaki ya waasi, na kumnyima adui mikono hiyo ndiyo hoja ya kijeshi ya Tangazo.

Udhaifu wake mkubwa unamhusu Lincoln mwenyewe, naye aliujua: amri ya vita inaweza kupingwa mahakamani vita vikiisha. Mtu aliyeachwa huru kwa Tangazo hakuwa na uhakika kamili kwamba mwaka 1870, tuseme, jaji asingesema nguvu zake zimekwisha.

Marekebisho ya 13

Kwa Kiingereza ni maneno 43 yote kwa yote, kwa hiyo ndiyo mepesi kutafsiri na kubandika ukutani. Kifungu cha kwanza kinapiga marufuku utumwa na kazi ya kulazimishwa popote penye mamlaka ya Marekani, isipokuwa kama adhabu ya kosa la jinai kwa aliyehukumiwa kihalali. Cha pili kinalipatia Bunge uwezo wa kutunga sheria za kutekeleza.

Njia yake ilikuwa theluthi mbili ya kura katika kila upande wa Bunge, yaani Seneti na Baraza la Wawakilishi, kisha robo tatu ya majimbo. Seneti ilipitisha tarehe 8 Aprili 1864 kwa kura 38 dhidi ya 6. Juni, Baraza la Wawakilishi likashindwa kufikisha theluthi mbili. Lincoln alihakikisha suala hilo linaingia kwenye ilani ya chama, akashinda uchaguzi wa Novemba, na badala ya kungoja Bunge jipya akawabana wabunge wa lile la zamani. Tarehe 31 Januari 1865 Baraza lilipitisha kwa 119 dhidi ya 56, kura mbili tu zaidi ya zilizohitajika. Kesho yake akatia sahihi yake, ingawa sahihi ya rais haihitajiki katika marekebisho ya Katiba na Seneti ilisema hivyo siku chache baadaye.

Hakuishi kuyaona yakiwa sheria. Alipigwa risasi tarehe 14 Aprili 1865 akafariki asubuhi iliyofuata. Georgia, jimbo la 27 kati ya 36, liliridhia tarehe 6 Desemba, na Seward akathibitisha tarehe 18 Desemba. Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika kwenye mtihani kwamba Lincoln alikomesha utumwa wote mwaka 1863 amekosea mwaka na amekosea waraka.

Mtego wa kutafuta mtandaoni: kuna marekebisho mengine yaliyokaribia kuwa ya 13. Machi 1861 Bunge lilipitisha pendekezo la kuulinda utumwa katika majimbo dhidi ya serikali kuu, na Lincoln katika hotuba yake ya kuapishwa alisema hana pingamizi nalo. Halikuridhiwa na majimbo ya kutosha. Miaka minne kati ya lile na hili ndiyo kipimo bora cha umbali aliosafiri.

Sehemu ya kukaa nayo muda mrefu ni ile ya adhabu ya jinai. Novemba 1865, kabla hata marekebisho hayajathibitishwa, Mississippi ilianza kutunga sheria za kuwakamata weusi wasio na mkataba wa kazi kama wazururaji, kuwatoza faini, na kuwakodisha kwa atakayeilipa. Baadaye majimbo ya Kusini yalikodisha wafungwa kwa mashamba, migodi na reli. Aliyesoma amri ya Unguja ya 1897 atatambua silaha ileile ya uzururaji. Bunge lilijibu kwa Sheria ya Haki za Raia ya 1866, likitumia kifungu cha pili, kisha kwa Marekebisho ya 14 ya mwaka 1868 na ya 15 ya mwaka 1870.

Zikiwekwa mbele ya watu walewale

Njia ya haraka ya kuzilinganisha ni kuuliza kila moja ilimfikia nani. Mpishi wa Washington aliachwa huru Aprili 1862 na bwana wake akalipwa. Mchumaji pamba wa Mississippi alikuwa huru kwa maandishi Januari 1863, na kwa vitendo siku alipotoroka au jeshi lilipofika. Bwana wake hakulipwa. Mpakuzi wa mizigo bandarini New Orleans aliachwa nje na Tangazo, akakombolewa na katiba mpya ya Louisiana ya 1864. Huko Maryland ilikuwa katiba ya jimbo pia, kuanzia tarehe 1 Novemba 1864. Mlimaji wa katani ya Kentucky hakuguswa na sheria ya Washington wala Tangazo. Kama hakuwa amejiunga na jeshi au kutoroka, alisubiri hadi Desemba 1865, na jimbo lake liliridhia marekebisho hayo mwaka 1976.

Na watu wa Galveston, Texas, walioelezwa uhuru wao na Jenerali Gordon Granger tarehe 19 Juni 1865? Ile ilikuwa kazi ya Tangazo, miaka miwili na nusu baada ya kutolewa. Siku hiyo, ambayo tangu 2021 ni sikukuu ya taifa Marekani, huchanganywa mara nyingi na Marekebisho ya 13.

Basi uchague ipi

Ukiwa na kipindi kimoja cha dakika 40, chukua Tangazo na ramani. Usisomeshe maandishi yote: aya ya majimbo, aya inayotamka uhuru, aya ya jeshi, na sentensi ya mwisho inayoliita tendo la haki lililohalalishwa na Katiba kwa dharura ya kijeshi. Acha dakika 5 za mwisho kusoma Marekebisho ya 13, maana Tangazo likiachwa peke yake huzaa kosa la 1863.

Ukiwa na kipindi pacha cha dakika 80, toa nusu ya pili yote kwa Marekebisho na sheria za uzururaji. Kwa kidato cha juu au chuo, hasa wanafunzi wanaosoma historia ya Unguja, Pemba na Mombasa, sisi tungeanza na sheria ya Washington pamoja na amri ya 1897, hata kama haimo kwenye vitabu vya kiada. Kwa klabu ya midahalo, Marekebisho ndiyo yenye hoja hai, kwa kuwa majimbo kadhaa ya Marekani bado yanajadili na kufuta maneno ya adhabu kwenye katiba zao.

Likizuka swali la kama Lincoln anastahili kuitwa mkombozi, usilijibu wewe. Toa hotuba ya Frederick Douglass ya tarehe 14 Aprili 1876, aliyoitoa Washington kwenye uzinduzi wa sanamu iliyolipiwa na waliokuwa watumwa. Douglass alikuwa mtumwa aliyetoroka, alikutana na Lincoln Ikulu, na alimkosoa waziwazi. Katika hotuba hiyo anawaambia weupe kwamba wao ndio watoto wa Lincoln, weusi ni watoto wa kambo tu. Halafu anasema kwamba kwa kipimo cha wapinga utumwa alikuwa mzito na baridi, lakini kwa kipimo cha nchi aliyoiongoza alikuwa mwepesi na mwenye msimamo. Aya mbili hizo zigawiwe baada ya ramani kupakwa rangi, kamwe si kabla, ili kila mwanafunzi awe na kitu mkononi cha kumpimia Douglass.